Waheshimiwa wa Nyuma ya Pazia

Hongera, mwenye kompyuta ya viini vinane. Mashine inaweza kuhariri filamu nzima, lakini ukipiga kinanda inakohoa. Usilaumu waya.

Hesabu ni hii: bafa (kikapu cha muda cha sauti) ya sampuli 128, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huupa uzi wa sauti, yaani mkondo wa kazi unaoitengeneza sauti, milisekunde 2.7 hivi kumaliza kazi. Ukichelewa, spika haziombi radhi, zinakwaruza. Na hapo ndipo wanapojitokeza waheshimiwa, programu za nyuma ya pazia: anayekagua virusi kwenye faili lilelile la jana, anayepakua masasisho bila kuitwa, anayepanga upya picha za harusi ya binamu. Wote wana haraka, hakuna mwenye shughuli.

Utasema, si uzi wa sauti umepewa kipaumbele cha juu? Umepewa, tena kwa maandishi. Ila uzi wa kipaumbele cha chini kabisa umeshika kufuli ambalo uzi wa sauti unalihitaji, wa kati umeupokonya prosesa, na mkubwa unasubiri mlangoni. Mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilikuwa kikijizima na kujiwasha upya kwa kadhia hiyohiyo, huko Mirihi, ambako hata virusi vya kukagua hakuna.

Watengeneza programu za sauti wanajua masharti: ndani ya uzi ule usiombe kumbukumbu, usisome diski, usisubiri kufuli. Wanajua sana. Kisha wanaandika ripoti diskini kila mzunguko, na ukilalamika wanakushauri upandishe bafa hadi 2,048. Sauti itakuja safi kabisa, milisekunde 43 baada ya kidole.