Tumsifu Lengelenge

Simba amesifiwa vya kutosha. Ngamia naye ana mashairi yake, na jangwa lenyewe halikosi watu wa kulipamba kwa picha za machweo. Lakini yupo mmoja ambaye kila aliyevuka nchi kame kwa miguu, shanta mgongoni, hawezi kusimulia safari yake asimtaje, na hadi leo hajatungiwa hata ubeti. Namsema Lengelenge, yule wa kisiginoni. Aisifuye mvua imemnyea, kwa hiyo nisidaiwe vyeti.

Nianze na ukarimu wake. Kule Marekani iko njia ya waenda kwa miguu iitwayo Pacific Crest, inayoanzia mpaka wa Mexico karibu na kijiji cha Campo, ikakata California, Oregon na Washington mpaka Kanada, kilomita 4,265 hivi. Anayeisikia kwa mbali huwaza theluji na misonobari. Vyote vipo, ila kwanza kuna zaidi ya kilomita 1,000 za kusini mwa California, na sehemu kubwa yake ni mchanga, miiba, nyoka mwenye njuga mkiani, na jua lisilojua aibu. Kipande kimoja, kutoka Scissors Crossing hadi Barrel Spring, ni kilomita 38 hivi bila kijito wala chemchemi ya kutegemea. Mtu hujaza chupa zote alizonazo, lita tano au sita, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, jioni humkuta amepinda mgongo.

Katika nchi hiyo, nani anachimba bwawa? Lengelenge. Saa chache tu baada ya safari kuanza utamkuta keshajenga, chini ya ngozi ya kisigino, hifadhi ya maji maangavu. Hakutangaza zabuni. Hakumngoja mbunge aje kukata utepe. Hakuuliza kama wewe ni mwenyeji au mgeni. Mlinganishe na wakubwa wa mji. Karibu na Mojave njia hiyohiyo hupita juu ya mfereji mkuu wa maji ya Los Angeles, kazi ya mhandisi William Mulholland, uliofunguliwa mwaka 1913 kuleta maji ya Bonde la Owens kutoka umbali wa kilomita 375 hivi. Watembeaji wengi hukipita kipande hicho usiku ili kukwepa joto. Wanatembea juu ya bomba lenyewe, mbele wakaingia juu ya mfuniko wa zege, maji ya jiji zima yakipita chini ya nyayo zao, na hawapati hata tone la kulowesha ulimi. Yamefungiwa, yana wenyewe. Maji ya Lengelenge hayana mita. Sikusema yananyweka.

Ufundi wake nao hausemwi inavyostahili. Wengi humdhania mtoto wa kusuguliwa juu juu, kama ubao unavyopigwa msasa. Sivyo. Unapokanyaga, mfupa ulio ndani ya mguu husogea mbele na kurudi, ilhali ngozi ya nje imeshikwa na soksi na kiatu. Matabaka ya katikati huvutwa huku na huku, hatua baada ya hatua, maelfu kwa maelfu, mpaka yanaachana, na ule uwazi unajaa majimaji. Ngozi yenye jasho hung'ang'ania soksi kuliko ngozi kavu, ndiyo maana joto ni mshirika wake wa karibu. Mguu nao huvimba kwa joto na kwa mwendo, hivyo kiatu kilichokuwa saizi yako dukani kinageuka saizi ya mdogo wako. Mchanga unaingia bila hodi. Na yale maji uliyoyabeba usife kwa kiu? Uzito wake wote unashukia kisiginoni. Yaani kila unalofanya kukimbia kiu, unamlisha Lengelenge. Mungu hamtupi mja wake.

Sasa hekima. Kila mwenyeji wa jangwa anajua kwamba saa sita mchana si saa ya kutembea; ni saa ya kutafuta kivuli, hata kiwe cha jiwe. Kijana aliyetoka mjini na ramani kwenye simu hajui, na ukimwambia hasikii, maana amepanga kilomita 35 za siku hiyo na amekwisha kuwatangazia jamaa zake. Daktari hayupo, mzazi yuko mbali, askari wa hifadhi yuko bonde la tatu. Wa kumkalisha amebaki mmoja. Hamfokei. Anamchoma mara moja, anamwachia hatua kumi za kujifanya hajasikia, anamchoma tena. Saa sita na nusu kijana yuko chini ya daraja, viatu pembeni, kilomita 35 zimekuwa 14. Ni watu wangapi wameponea jua la utosi kwa sababu kisigino kiligoma, hakuna daftari linaloandika. Watenda wema ndivyo walivyo, hawaandikwi.

Chini ya daraja hilo atawakuta wenzake waliokalishwa kabla yake. Hapo watu hawaulizani kwanza majina wala kazi, wanaulizana miguu. Mwenye plasta anampa asiye nayo. Mhasibu anamshikia tochi dereva wa lori anayepitisha sindano kwenye moto wa kiberiti, na hawajajuana hata nusu saa. Nitajieni kongamano la maridhiano lililowahi kufanya kazi hiyo kwa gharama hiyo.

Upendeleo anao mmoja tu: anapenda buti, hasa mpya, hasa ya bei mbaya. Nyayo zilizokomaa kwa kutembea peku, au zilizozoea katambuga za tairi, ambazo Kenya wanaziita akala, humpa kazi ngumu. Kwa maana hiyo ni mtoza kodi wa haki, anaanza na wenye nacho. Cheryl Strayed, aliyetembea sehemu ya njia ya Pacific Crest mwaka 1995 akianzia Mojave, alivaa buti zilizombana akapoteza kucha sita. Kitabu chake, Wild, kilitoka mwaka 2012, na miaka miwili baadaye kikawa filamu. Kucha zikapata nafasi mwanzoni kabisa mwa filamu. Lengelenge, aliyefanya kazi usiku na mchana, hakualikwa hata kwenye uzinduzi.

Tena asidhani ni yeye tu anayesahauliwa. Misafara ya pwani ilikuwa ikivuka nyika ya Taru, nyuma ya Mombasa, nchi ya kiu, wapagazi wakiwa na mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja. Mwaka 1888 msafara wa mpelelezi wa Kizungu, Count Teleki, uliotoka Pangani na Jumbe Kimemeta akiwa kiongozi wa njia, ulishuka kwenye joto na mawe ya volkano mpaka ziwa ambalo leo ni Turkana. Ziwa likapewa jina la Rudolf, mrithi wa ufalme wa Austria, ambaye hakuwahi kuvua kiatu pale. Volkano ya kusini mwa ziwa ikapewa jina la Teleki. Miguu iliyobeba mizigo yote haikupewa hata kichuguu.

Pamoja na wema huo wote, ana maadui. Kwenye Marathon des Sables, mbio za kilomita 250 hivi zinazofanyika jangwani kusini mwa Morocco tangu miaka ya 1980, kila mshiriki akijibebea chakula chake, wakimbiaji hufunika viatu kwa vitambaa ili mchanga usipenye, na jioni hupanga foleni kwenye hema la matabibu. Wasomi nao wamemgeuka. Mwaka 2016 Grant Lipman wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha utafiti wa wakimbiaji 128 wa mbio za siku kadhaa za kilomita 250. Utepe wa karatasi, ule mwepesi wa bei ya chini kabisa dukani, ukibandikwa kabla ya kuondoka ulipunguza malengelenge kwa asilimia 40. Utepe wa karatasi! Angalau wangempiga vita kwa kitu cha heshima. Wengine humpitisha sindano na uzi, wakauacha uzi ndani maji yatoke polepole. Madaktari hawaupendi mtindo huo, kwa kuwa uzi ni njia ya vijidudu. Wabaya kuliko wote ni wanaomchuna ngozi ya juu. Ile ndiyo bandeji aliyojishonea mwenyewe, bure, kwa kipimo chako. Ukiiacha, ngozi mpya inajijenga chini yake kimyakimya. (Mwenye kisukari aniwie radhi. Kwako huyu hasifiwi. Mwone daktari siku hiyohiyo.)

Ninalo ombi. Kwenye mipaka yote miwili, wa Mexico na wa Kanada, njia ya Pacific Crest ina nguzo za mbao ambazo watu huzipanda ili wapigwe picha. Nawasihi wanaozitunza waongeze kibao chenye jina la Lengelenge kwenye zile za kaskazini, kiwekwe usawa wa kisigino. Gharama nitachangia. Uzinduzi ufanyike asubuhi mapema, na hotuba ziwe fupi, maana mgeni rasmi atakuja na viatu vipya.