Sifa Zikiendee Kifuniko cha Lenzi

Washairi wa pwani wameusifu mnazi mpaka hakuna kiungo chake kilichobaki bila ubeti: dafu lina wake, makuti yana wake, hata kifuu hakikusahauliwa. Kifuniko cha lenzi hakijapata mshairi. Hutajwa pale tu kinapokuwa hakionekani, na hapo hutajwa kwa maneno ambayo jarida la heshima haliyachapi. Huu ni udhalimu wa muda mrefu, na umefika wakati wa kuuondoa. Ieleweke tangu mwanzo kwamba kifuniko kilichotulia mbele ya lenzi hakihusiki na sifa hizi. Hicho kinafanya kilichotumwa na kinapata ulinzi wa mwenye kamera. Ninayekusudia kumtukuza ni yule aliyechomoka mfukoni wakati bibi harusi anashuka kwenye gari, akavingirika chini ya viti vya wageni wa heshima, na tangu hapo hana anwani.

Kwanza nasaba yake. Daguerre alipoitangaza njia yake ya kupiga picha mwaka 1839, na kwa miongo kadhaa baadaye, kamera nyingi hazikuwa na shata. Mpiga picha alikivua kifuniko kwa mkono, akahesabu sekunde kimoyomoyo, akakirudisha. Mwanga uliingia kwa idhini ya kifuniko na ukatoka kwa amri yake. Picha nyingi za karne ile, wafalme kwa watumwa, zilipigwa na kipande hicho cha duara. Baadaye zikaja sahani kavu zenye kuhisi mwanga haraka, muda wa kupiga ukashuka hadi sehemu ndogo ya sekunde, mkono wa binadamu ukashindwa kwenda na kasi hiyo, na kazi akapewa shata. Kifuniko kikastaafishwa. Hakikupewa hata barua. Kiliambiwa kikae mlangoni kuzuia vumbi, kama karani mkuu aliyemaliza utumishi kisha akarudishwa ofisi ileile kuwa mlinzi wa geti. Mstaafu wa namna hiyo akiamua kuondoka siku moja bila kuaga, nani ana uso wa kumlaumu?

Lakini fadhila yake kubwa ni kule kupotea kwenyewe, na ushahidi wake unatoka mbali, kwenye sayari ya Zuhura. Mwaka 1975 vyombo vya Kisovieti Venera 9 na Venera 10 vilitua huko, kila kimoja na kamera mbili, na kwa kila kimoja kifuniko cha kamera moja kilikataa kutoka. Dunia ikapata nusu ya mandhari. Mwaka 1978 vikafuata Venera 11 na Venera 12. Safari hii vifuniko vyote viling'ang'ania mahali pake kwa uaminifu wa kuigwa, na hakuna picha hata moja ya ardhi iliyorudi. Machi 1982 ikawa zamu ya Venera 14. Vifuniko vilifyatuka kama vilivyoagizwa, picha zikaja, za rangi, na wahandisi wakapumua. Kisha mkono wa kupima ugumu wa udongo ukashuka, ukatua juu ya kifuniko kilichokuwa kimeanguka palepale. Chombo kilichosafiri miezi minne, kikavumilia joto la zaidi ya nyuzi 450 za Selsiasi, kikapima kifuniko chake chenyewe. Mwenye akili na aone. Kifuniko kisichotoka kinapofusha kamera. Kinachotoka kikabaki karibu kinaharibu sayansi. Cha kuaminika ni kile kinachotoka na kutoweka kabisa. Laiti Venera 14 ingefungwa kifuniko cha mpiga picha wa harusi wa Temeke! Kingeshavingirika hadi chini ya jukwaa la MC, kisionekane tena, na wanasayansi wangepima udongo wao kwa raha.

Yuko atakayesema kwamba kifuniko kikipotea lenzi hupata vumbi na mikwaruzo. Vumbi ni kweli, hasa barabara za mbugani wakati wa kiangazi, na dawa yake ni brashi na kitambaa, wala si pindo la shati. Kuhusu mikwaruzo, hofu ni kubwa kuliko madhara. Kioo cha mbele kiko nje kabisa ya fokasi, kiasi kwamba mkwaruzo mdogo hauonekani kwenye picha. Huanza kuleta ukungu pale jua linapoupiga moja kwa moja. Zaidi ya hayo, kifuniko hakilindi lenzi inapopiga picha, yaani saa ileile inapogongwa na viwiko vya mashangazi wanaocheza. Fadhila nyingine nazitaja kwa kupita: hupunguza uzito wa mkoba, humfanya mpiga picha awe tayari wakati wote, na huwainamisha pamoja chini ya meza wageni waalikwa wasiofahamiana, jambo ambalo kamati ya harusi haikuweza kulifanya kwa michango yote ile.

Ndugu zake wengine, wale wanaosahaulika nyumbani juu ya kitanda, nao wana sehemu yao ya sifa, kwa kuwa wakikosekana wanatufundisha kutazama kilichopo. Stendi imesahaulika? Kuna ukuta, kuna bega la mwenzako, kuna kamba iliyofungwa kwenye bolti ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi, ukaikanyaga chini na kuivuta ikakaza. Serengeti, ambako hairuhusiwi kushuka garini ovyo, stendi yenyewe haina pa kusimama, na madereva wanajua siku nyingi kwamba mfuko wa maharage dirishani unaishika lenzi ndefu vizuri kuliko miguu mitatu ya bei mbaya. Kipima-mwanga kimekufa? Mchana wa jua kali, weka f/16 na kasi ya shata iliyo sawa na namba ya ISO, utakuwa karibu sana na ukweli. Hakuna kirudisha-mwanga? Harusini Unguja kuna kanzu nyeupe mia zinazozunguka bure. Msogeze mjomba mmoja upande wa kivuli. Koti la mvua la kamera ndilo lililopata pigo, maana zamani mfuko wa rambo ulitosha, lakini Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Ilikuwa haki, na mitaro inashukuru. Kamera haishukuru.

Angalia lakini kile kinachoviunganisha vitu hivi. Bolti ya robo inchi ni ya yeyote. Maharage ni ya yeyote. Kifuniko chenyewe, pamoja na jina la kampuni lililochapwa usoni pake kwa herufi za majivuno, kinafuata vipimo vinavyojulikana, milimita 52, 58, 67, 77, na kilichotengenezwa na Nikon kinakaa sawia kwenye lenzi ya Canon yenye kipenyo hichohicho. Kupotea kwake ni hasara ya nauli ya kwenda Kariakoo. Kwa hiyo kupotea ni mtihani mzuri wa umiliki: kitu ambacho mwenzako, fundi au duka la jirani anaweza kukuzibia pengo lake ni chako. Kitu ambacho kikipotea huna budi kurudi kwa aliyekuuzia, kwa bei anayoitaka yeye, katika mji anaoutaka yeye, hukuwahi kukimiliki, ulikodishwa.

Hapo ndipo betri inaponiharibia kasida. Betri ikisahaulika hakuna maharage yatakayosaidia. Ukumbini wanaweza kuwepo wapiga picha watatu wenye betri saba zilizojaa, na wa nne akasimama na kamera iliyokufa mikononi, kwa sababu hakuna hata moja kati ya hizo saba inayoingia. Mtu angedhani umeme wao ni tofauti. Canon peke yake imetengeneza LP-E6, LP-E8, LP-E10, LP-E12 na LP-E17, na zote zina volti 7.2 au 7.4, lithiamu ileile, zikitofautiana kwa umbo, ukubwa na mahali pa mifereji. Haya, ukubwa naelewa: kamera ndogo haibebi betri kubwa. Lakini kuna sababu gani ya kihandisi ya kampuni zote kushindwa kukubaliana juu ya maumbo matatu, dogo, la kati na kubwa? Kodak ilitoa kasha la mkanda wa milimita 35 mwaka 1934, na kwa miaka yote iliyofuata mkanda ulionunuliwa Mombasa kwa ajili ya Yashica uliingia katika Zenit ya Kirusi bila kuulizwa pasipoti. Aliyesahau mkanda aliazima. Huo ulikuwa ustaarabu, na ulifutwa bila mtu kupiga kura.

Kadi za kumbukumbu zina historia ileile ya aibu. CompactFlash ilikuja mwaka 1994. Sony wakaleta Memory Stick mwaka 1998, ya kwao. SD ikatangazwa mwaka 1999. Olympus na Fujifilm wakaleta xD mwaka 2002, ya kwao wawili, ambayo leo ukiiona dukani ni ya kuwekwa jumba la makumbusho. Soko likaichagua SD, wanunuzi wakashusha pumzi, na kabla pumzi haijaisha ikaja XQD, kisha CFexpress, nayo ikagawanyika aina A na aina B zisizoingiliana. Kadi mpya zina kasi kubwa, sikatai. Video za leo zinahitaji kasi. Kilichohitaji kasi hakikuhitaji maumbo mawili. Na kile kikinga-mwanga cha mbele ya lenzi, pete ya plastiki nyeusi isiyo na kioo wala waya, Canon hukiweka ndani ya boksi la lenzi zake za L na kwa nyingi za bei ya chini hukiuza peke yake. Mwenye fedha nyingi anapewa bure. Mwenye fedha kidogo ananunua, au anatumia kiganja chake, ambacho namshauri akitumie, maana kazi ni ileile.

Watetezi wa kampuni wana hoja mbili. Ya kwanza ni maendeleo: ukiwafunga kwa umbo moja, utazuia ubunifu. Kama ni hivyo, basi skrubu ya stendi ilipaswa kuwa imeua upigaji picha zamani, maana robo inchi ileile inashika kamera ya babu na ya mjukuu, na hakuna mbunifu aliyelalamika. Tundu la flashi nalo lina kipimo cha kimataifa, ISO 518. Minolta walikiacha mwaka 1988 wakaweka umbo lao. Sony wakalirithi pamoja na kazi ya kamera za Minolta mwaka 2006, na ilipofika 2012 wakarudi kwenye umbo linalokubali flashi za kawaida. Ubunifu haukufa waliporudi. Tena makampuni haya si kwamba hayajui kukaa kikao. Jumuiya yao ya Japani, CIPA, ilitoa mwaka 2003 kanuni ya namna ya kuhesabu picha zinazopigwa kwa betri moja. Walikutana, wakajadiliana, wakakubaliana jinsi ya kuipima betri, kisha kila mmoja akarudi kiwandani kutengeneza betri isiyoingia kwa mwenzake.

Hoja ya pili ni usalama, na hii ina uzito. Betri bandia za lithiamu huvimba, na mbaya zaidi huwaka moto. Mtu anayenunua ya bei ya kutupa anahatarisha kamera na hata nyumba. Lakini ubora wa betri na umbo la betri ni mambo mawili. Betri za AA hutengenezwa na viwanda chungu nzima, vizuri na vibaya, kwa kipimo kimoja, na mnunuzi anachagua kwa jina analoliamini. Tena bei kubwa ya betri halisi, na ugumu wa kuipata nje ya miji mikubwa, ndivyo vinavyompeleka mpiga picha wa Sumbawanga kwenye betri bandia. Anayelipandisha bei lango la mbele asishangae watu wakipita uani. Umoja wa Ulaya ulichoka kungoja. Kwa sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024, kamera zinazouzwa huko na zinazochajiwa kwa waya lazima ziwe na tundu la USB-C, na kwa kuwa viwanda havipendi kutengeneza aina mbili, nafuu hiyo inatufikia na sisi. Aliyesahau chaja leo anaweza kuazima ya simu ya mgeni yeyote. Kilichobaki ni betri, kadi na kikinga-mwanga, na kampuni zikiogopa kwamba vitu hivyo vikifanana hazitakuwa na mahali pa kuchapa majina yao, kifuniko kipo, kina nafasi ya kutosha katikati, na kinasambaza jina hilo chini ya viti vya kila ukumbi bila malipo.