Mwongozo kwa Mgeni Anayepanda Lushoto na Bando Lake

Ukishuka basi Mombo, tuma kila unachotaka kutuma. Waage ndugu, mlipe anayekudai. Kutoka hapo hadi Lushoto mjini ni kilomita thelathini na ushei za kona, na kila kona ina mlima wake wa kusimama kati yako na mnara. Simu itaandika 4G, kisha H, ukiingia bondeni itaandika E, halafu haitaandika kitu. Usiitikise. Ni nzima.

Mjini utapona. Wageni wengi hurudi Dar wakiusifia mtandao wa Usambara kwa sababu walilala mjini. Wewe uliyechukua chumba kijijini, nyuma ya mlima, soma taratibu.

Ile ramani ya kampuni ya simu iache. Rangi yake imemwagwa juu ya Usambara kana kwamba ni uwanja wa mpira. Tafuta watu. Ukiwakuta vijana kwenye baraza la duka lililofungwa, wote wameinamia simu, umefika. Toa salamu kwanza, kisha omba pa kukaa. Pale anapokaa mzee anayesubiri simu ya mwanawe hapakaliwi.

Irente, pale wageni wanapokwenda kutazama mandhari, ni mtego wa aina yake. Umesimama ukingoni, tambarare yote iko miguuni, alama za mtandao zimejaa. Utampigia bosi kwa mbwembwe, naye hatakusikia. Mnara una nguvu ya kukufikia. Simu yako kwenye 2G haizidi wati 2, na kwenye 4G ni chini zaidi. Kwa hiyo wewe unausikia mnara, wenyewe haukusikii. Tena 2G kwa kawaida haivuki kilomita 35, hata kama kule chini unaona kila kitu mpaka bati za nyumba.

Mtandao ukikatika utaambiwa ni ukungu. Itikia kwa adabu, ila ukungu hauna ubavu huo kwa masafa ya simu. Shuku umeme wa mnara, au betri zake.

Hela beba za noti. Usimwambie mama wa genge "nakutumia sasa hivi", maana atakungoja akikutazama usoni. Ukibanwa, irudishe simu kwenye 2G: menyu ya pesa hupenya mahali ambapo picha haipiti, na 2G ya megahezi 900 hufika mbali kuliko 3G ya 2100. Bando la saa 24 nalo linahesabu saa zote, hata ulizolala bondeni bila mtandao. Nunua dogo.

Mnara wa kuhudumia kaya chache bondeni haulipi, ndiyo maana kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotungiwa sheria mwaka 2006 ili kampuni zipewe ruzuku zijenge vijijini. Ni jambo jema, ila milimani mnara mmoja huhudumia upande unaoutazama tu.

Rafiki wa Dar akikucheka, mkumbushe Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika. Siku hiyo Dar nayo ilikuwa bondeni.

Na kabla hujapanda, muulize mwenye nyumba anatumia laini ya kampuni gani, usajili hiyo hiyo. Matangazo ya redioni hayajawahi kulala kijijini kwake.