Namna ya Kuhamia Uvira Bila Kugombana na Maji

Picha umeshaiona. Milima ya Mitumba nyuma, Tanganyika mbele, mchikichi pembeni, mtumbwi mmoja katikati ya maji. Na wewe, uwe Kinshasa, Nairobi au Brussels, umeshaanza kupiga hesabu: parseli ya ufukweni, nyumba ya vyumba vitatu, baraza linalotazama Burundi. Sisi wa Uvira hatukulaumu. Mji wetu ni mzuri, na sioni sababu ya kuudogosha ili nionekane mtu wa kiasi. Ila kuhamia huku kuna utaratibu wake, na wageni wengi wanaufuata kinyumenyume: wananunua leo, wanauliza kesho. Naomba ugeuze mpangilio huo.

Anza kwa kuelewa umbo la mahali. Uvira ni ukanda. Kutoka Kavimvira kaskazini hadi bandari ya Kalundu kusini, mji umejinyoosha mrefu na mwembamba, mkono mmoja umeshika mlima, mwingine umegusa ziwa. Mlima wenyewe haujifichi: unapanda moja kwa moja nyuma ya nyumba hadi nyanda za juu za Itombwe, ambako vilele vinapita mita 3,000. Ziwa nalo halina mzaha. Ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, na limegawanywa na nchi nne. Katikati ya hivyo viwili ndipo tunapolala, tunapopika, tunapozika na kuoa, na mito inayoshuka kwa kasi, Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, inapita katikati yetu kwenda ziwani. Kila kilicho kizuri hapa kinatokana na ufinyu huo. Kila kinachotuumiza pia. Ukitaka kimoja bila kingine, baki na picha yako, nayo ni nzuri.

Sasa parseli. Usinunue mwezi wa saba. Mwezi wa saba ardhi yote ya Uvira ni kavu, imara na yenye tabia njema. Muuzaji atakupeleka mpaka ukingoni, atapiga mguu chini kuonyesha ugumu wa udongo, atakuambia maji hayajawahi kufika hapo. Usimwite mwongo. Muulize tu, kwa heshima: "Papa, tangu lini?" Halafu nenda kwa jirani, tafuta mama aliyezeekea mtaani hapo, umuulize swali hilohilo. Tazama kuta za nyumba za karibu. Maji yakiingia ndani na kukaa wiki kadhaa huacha mstari wa rangi ya chai kwenye lipu, na chini ya mstari huo lipu hubanduka vipande vipande hata ukipaka rangi mara tatu. Pitisha kiganja. Ukuta uliokunywa maji una baridi hata saa sita mchana.

Maana ziwa hili hupanda na kushuka kwa hesabu yake lenyewe. Maji yake mengi hupotea kwa mvuke. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, huko Kalemie. Katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na majani, ziwa likapanda kwa miaka mingi, mpaka karibu mwaka 1878 lilipopasua kizuizi na kushuka tena. Katika miaka ya 1960 lilipanda kwa nguvu. Miaka hii tumeona upandaji mwingine, uliofika kilele Mei 2024, ziwa lilipokaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, wakati tuliozoea ni 774 hivi. Mita tatu si nyingi kwa mtu anayesoma namba. Kwenye ukanda bapa ni mtaa mzima. Bandari ya Kalundu ilifunikwa, nyumba za Kilomoni zikawa za samaki, na ng'ambo ya mpaka Gatumba ikapata hayohayo. Viboko nao wakafuata maji. Ukijenga karibu na ukingo, jua kwamba usiku kiboko hutoka kula majani, na njia yake ya kurudi majini haijali kwamba wewe una hati.

Basi utasema: nitajenga juu, mlimani, nitazame ziwa kwa mbali. Wazo zuri kwa macho. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 msiba ulitoka juu. Mvua ilipiga milimani, Mulongwe ukaacha njia yake, ukashuka na mawe makubwa na miti, ukabeba nyumba na watu waliokuwa ndani. Walikufa makumi kadhaa, maelfu wakabaki bila paa, na mji ukakatika vipande viwili. Waliookoka bado wapo, wamejenga upya, wengine palepale kwa kuwa hapakuwa na pengine. Milima hiyo imevuliwa miti kwa mashamba na makaa, na mteremko mtupu haushiki maji. Kwa hiyo ukinunua huko juu, bajeti yako ya kwanza iwe miche, mifereji na kuta za kuzuia udongo. Vioo vikubwa vya kutazamia ziwa vinaweza kungoja. Jirani aliye chini yako atajua wewe ni mtu wa namna gani kwa maji yanayotoka kwako.

Kuhusu kuwauliza wenyeji habari za maji, tunao mfano wa zamani. Aprili 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakiwa na tumaini kwamba Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, labda hadi Naili. Watoto wa mtawala wa hapa waliwaambia wazi: mto unaingia. Burton alihuzunika mno. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipiga makasia hadi mdomoni mwa Ruzizi kuhakikisha, wakakuta unaingia. Wenyeji walikuwa wamelijibu swali hilo tangu mwanzo, tena bure. Ukiambiwa na mvuvi wa Kalundu kwamba upepo wa leo si wa kuvuka, usifanye safari ya kumsahihisha.

Sehemu ya kunywa isome mara mbili. Maji ya ziwa hung'aa, na ukienda kusini kidogo, kwenye miamba ya Luhanga na Pemba, utaona samaki chini waziwazi. Uwazi huo usikudanganye. Kipindupindu kimekaa kwenye mwambao huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Maji ya bomba ya mji huchukuliwa mto Mulongwe, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia miaka ya 2009 hadi 2014 hapa Uvira, ulionyesha jambo ambalo akina mama walikuwa wanalijua: bomba likikauka, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaolazwa wakishukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka zaidi ya mara mbili. Watu hawana ujinga wowote hapo. Bomba lisipotoa, bidoni la njano linakwenda mtoni au ziwani. Kwa hiyo, kabla ya kununua viti vya baraza, nunua tangi, weka mifereji ya bati, nunua dawa ya klorini, na ukiwa na uwezo weka bomba la nje ambalo jirani anaweza kuteka. Hilo la mwisho nalisisitiza. Kwenye ukanda mwembamba kama huu, ugonjwa wa jirani haukai kwa jirani.

Ukishamaliza hayo, kula. Hapa siwezi kuandika kwa ufupi.

Kalenda ya jikoni Uvira inaongozwa na mwezi wa angani. Ndagala huvuliwa gizani, kwa taa. Wavuvi hufunga mitumbwi miwili sambamba kwa miti, wavu ukining'inia katikati, wanawasha taa, wanangoja samaki wapande kuufuata mwanga. Zamani ilikuwa karabai. Siku hizi ni balbu za betri, na mtu akisimama Kimanga usiku usio na mwezi anaona mstari wa nuru kutoka Kalundu mpaka upande wa Burundi. Mwezi ukijaa, taa haina kazi, kwa kuwa ziwa lote limewaka. Wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na bei sokoni inapanda. Mgeni anayealika watu ishirini wakati wa mwezi mpevu, halafu akalalamika kwamba samaki ni ghali, amejitambulisha.

Ndagala wabichi nunua asubuhi, wakiwa bado wanang'aa. Waliokaushwa, chota wachache, wasugue viganjani: mchanga ukibaki mkononi, walikaushwa chini ufukweni, na utautafuna mpaka tonge la mwisho. Waliokaushwa juu ya kichanja ni ghali zaidi, na wanastahili. Mvunje mmoja katikati. Aliyekauka sawasawa hukatika kwa sauti. Mama anayeuza hatakasirika ukifanya hivyo. Atakasirika ukifanya hivyo bila kumsalimu kwanza. Wapike kwa mawese, nyanya, kitunguu na pilipili, na bugali wa muhogo pembeni, na sombe kama siku ni ya heshima.

Mukeke ni habari nyingine. Huyo ni samaki mwembamba, mrefu, mwenye nyama nyeupe, na hula ndagala haohao, kwa hiyo unapomla unakula ziwa mara mbili. Mchome kwenye makaa, mzima, na kichwa chake, na usimkubali mtu anayetaka kumkata vipande ili aive haraka. Lakini usimchukulie kama haki yako ya kila siku. Tangu mwaka 2003 wanasayansi wamekuwa wakionyesha kwamba ziwa linapata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na chakula cha samaki kinapungua. Wazee wa mitumbwi wanasema hivyo kwa njia yao: wanakwenda mbali zaidi, wanarudi na kidogo. Akiuzwa mukeke wa urefu wa kidole, mwache, hata kama ni rahisi. Huyo alipaswa kukua.

Ukishiba, jifunze mahali ulipo. Hapa Uvira tuna kituo cha utafiti wa viumbe wa majini, CRH, na wataalamu wametoka mbali kupiga mbizi kwenye miamba yetu. Mmoja wao, Michio Hori wa Kyoto, mwaka 1993 aliandika katika jarida la Science kuhusu samaki wanaokula magamba ya wenzao: baadhi mdomo umepinda kulia, wengine kushoto, kila mmoja akishambulia ubavu wake, na idadi ya pande hizo mbili haiachani sana miaka na miaka. Uchunguzi wake ulifanyika kwenye mwambao huu wetu. Watoto wanaooga Kalundu wanaogelea juu ya moja ya maajabu makubwa ya elimu ya viumbe, na ningetaka shule zetu ziwaambie hivyo tangu darasa la kwanza.

Jua nalo lina ratiba yake. Linachomoza kwenye milima ya Burundi na kuja juu ya maji hadi mlangoni kwako, kwa hiyo usilale mpaka saa mbili. Jioni linajificha mapema nyuma ya Mitumba, wewe uko kivulini huku Bujumbura, chini ya kilomita 30 kwa barabara, bado inang'aa. Zile picha za machweo wanazopiga wageni kwenye fukwe za Bujumbura, ile milima ya zambarau iliyomeza jua, ni yetu. Waambie kwa upole.

Mambo madogo haraka. Dola iliyochanika hata kidogo hakuna atakayeipokea. Ukifika, jitambulishe kwa nyumba kumi na kwa shefu wa kata kabla ya fundi kuchimba msingi. Barabara ya Bukavu inapita uwanda wa Ruzizi, Sange, Luvungi, Kamanyola. Uliza habari zake asubuhi ya safari. Habari za jana hazifai.

Na hapo ndipo siwezi kukuficha. Mji huu umeshikwa na wenye bunduki zaidi ya mara moja. Oktoba 1996 vita vilivyomwangusha Mobutu vilipita hapa mwanzoni kabisa. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia, na maelfu kwa maelfu ya watu wa hapa walivuka kwenda Burundi na magodoro kichwani, wengi wakiwa wameshakimbia mara nyingi kabla ya hapo. Ndiyo sababu nakuomba usije na neno "utulivu" mdomoni, kana kwamba ni bidhaa tuliyoiweka akiba kwa ajili yako. Watu wanaishi hapa kwa sababu wanapapenda na kwa sababu ni kwao, na wameulipia upendo huo. Ukija, uje ukiwa tayari kuwa jirani siku zote mbili, ya mukeke na ya kukimbia.

Bado unataka? Vizuri. Usinunue. Panga nyumba Nyamianda au Kasenga kuanzia mwezi wa kumi, ukae mpaka mvua za mwezi wa tano ziishe. Sikiliza mto usiku. Jua bomba lako linatoka siku ngapi kwa wiki. Beba bidoni walau mwezi mmoja kwa mkono wako mwenyewe. Msimu ukiisha na ukawa bado unaitaka ile parseli, njoo tukupeleke kwa mwenye nayo, na siku hiyo tutasimama upande wako kwenye bei.