Sabuni Iliyokatika

Mwaka niliostaafu uhasibu, nafsi ikinighuri kwamba mtu aliyesawazisha hesabu za ofisi nzima hawezi kushindwa na ndoo moja ya sabuni ya maji, nilikwenda kwa muuza kemikali hapa Tanga, nikarejea na slesi, ambayo ndiyo sabuni yenyewe, chumvi, rangi ya kijani na kifuko cha unga mweupe wa CMC, ambao ndio unaoifanya sabuni iwe nzito.

Unga huo, asili yake nyuzi za mimea, ni polima, yaani molekuli ndefu mfano wa uzi, na adabu yake ni kunyunyizwa kidogo kidogo huku maji yakikorogwa. Mimi, kwa pupa, niliumwaga wote kwa mkupuo, ukafanya madonge yanayoteleza nje kama bamia, na kila nililolipasua ndani nikakuta unga mkavu vilevile. Nilikesha nikiyaponda kwa mwiko.

Alfajiri sabuni ilikuwa nzito, nzuri ajabu, na laiti ningeiacha! Lakini haikunukia, nami nikaikumbuka kondishena ya mke wangu, ile ya kulainishia nywele, yenye harufu ya nazi, nikaimimina nusu chupa. Hata sijatoa mwiko, ndoo nzima ikakatika kama tui lililochemka bila kupawiwa: mabonge meupe juu, maji mepesi chini.

Kijana wa jirani, mwalimu wa kemia, alinifafanulia kwa furaha ambayo sikuipenda. Uzi wa CMC una chaji hasi, na slesi hasi vilevile, kwa hiyo hukaa ndoo moja kama wake wenza wasiosemezana. Kondishena ina chaji chanya, ikavikumbatia vyote viwili hata maji yakavitema. Akaendelea, bila kuulizwa, kwamba ziko polima zisizo na chaji, ambazo chembe za sabuni hujikusanya juu yake vifungu vifungu kama shanga utungoni, mapema kuliko katika maji matupu, ambamo sabuni iitwayo SDS hungoja ifike takriban gramu 2.3 kwa lita.

“Naam,” nikajibu, nikiisukuma chupa nyuma ya ndoo kwa mguu.

Mke wangu akatoka, akachungulia, akanusa.

“Baba Asha,” akauliza kwa upole wa kutisha, “tui hili la kupikia nini?”

Kisha akaiona chupa.