Uainishaji wa Awali wa Ukali: Vielelezo kutoka Mahagi

Kivumishi -kali kilikuwa tayari kimeandikwa katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882. Kikapita kwa Johnson mwaka 1939, kikaingia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA ikakipokea mwaka 2015. Watunzi wote hao wamekifanyia jambo moja: wamempa msomaji maana kadhaa, mara nyingi kwa namba, kisha wakaendelea na neno linalofuata. Kisu, siki, chui na mwalimu wa hesabu wanalala katika kitomeo kimoja bila kudhuriana, wala jambo hilo halikumshangaza mtunzi hata mmoja. Makala haya yanakusudia kushangaa.

Eneo la utafiti ni Mahagi, kaskazini mwa Ituri, mashariki ya Kongo, ambako ukivuka mpaka wa Goli umeingia Uganda. Mahali penyewe hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Watu wa pale wana Kialur nyumbani, Kifaransa ofisini, Lingala kwa wanajeshi, Kiingereza kinachovuka mpaka pamoja na sabuni, na Kiswahili sokoni. Kivumishi cha Kiswahili hakiishi pale kwa kubebwa. Kinagombea nafasi yake kila siku. Tena eneo hili lina milima na ziwa. Mji uko nyanda za juu, na asubuhi watu wanatembea na makoti. Shuka hadi Mahagi-Port, kwenye Ziwa Albert, mita kama 620 tu juu ya usawa wa bahari, na shati litagandana na mgongo. Wa juu wanalalamikia baridi kali, wa chini wanalalamikia jua kali. Kivumishi kimoja, na hakuna aliyekosea.

Wanakemia wamethibitisha jambo hilo hilo bila kukusudia. Asidi huweza kuwa kali, na alkali, adui yake wa damu, nayo huweza kuwa kali. (Silabi mbili za mwisho za jina alkali hazihusiki na utafiti huu. Ni jivu la Waarabu.)

Mtu atasema basi, kali maana yake ni "kupita kiasi". Nadharia hiyo inapendwa na wanafunzi, na ni potofu. Furaha ikipita kiasi ni kubwa, haijawahi kuwa kali. Usingizi ukipita kiasi ni mzito. Giza ni nene au totoro, hata liwe giza la Mahagi usiku ambao umeme umekatika na mwezi haujatoka. Huruma ijaze bakuli, bado haitakuwa kali. Upande wa pili, harufu ni kali, homa ni kali, njaa ni kali, na waganga wa Tanzania wana malaria kali kama jina rasmi la ugonjwa uliofikia hatua ya hatari. Kwa hiyo kanuni inajitokeza: kali haielezi kitu chenyewe, inaeleza anachofanyiwa aliyekutana nacho. Kitu kikali sharti kichome, kikate au kiume. Kinachokumbatia, hata kikumbatie mpaka mtu akose pumzi, hakihesabiwi.

Sasa tuingie kwenye jamii za ukali zenyewe.

Jamii ya kwanza ni ukali wa ukingo: kisu, panga, wembe, jembe lililonolewa. Ndiyo jamii kongwe na haina fitina. Tusiikawie.

Jamii ya pili, ukali wa ulimi, ndiyo yenye utajiri, na sokoni imegawanyika pande mbili zisizopatana. Mnunuzi anauliza, "Mama, hii pilipili iko kali?" Muuzaji anajibu, "Iko kali sana, papa, utalia!" Hapo ukali ni sifa, na mama anaahidi machozi kama mwingine anavyoahidi punguzo. Kisha bei inatajwa, kwa faranga au kwa shilingi za Uganda kadiri ya mfuko wa mteja, na mteja anaruka: "Mama, hii bei ni kali!" Hapo ukali ni mashitaka. Meza ile ile, watu wale wale, dakika haijapita. Kanuni yetu haijavunjika, maana pilipili inamuuma mteja na bei inamuuma mteja. Kilichobadilika ni kwamba maumivu ya kwanza ndiyo aliyokuja kuyanunua.

Humo humo kuna maziwa makali, yaliyochacha, yanayonywewa kwa hiari na kumwagwa kwa hasira kutegemea kama uchachu ulikusudiwa. Na kuna pombe kali, iwe lotoko ya Kikongo au waragi kutoka ng'ambo. Huu ni ukali wa pekee kwa kuwa unatambuliwa na serikali: una sheria, una ushuru, una makamishna. Tanzania ilipiga marufuku viroba vyake vya pombe mwaka 2017, Uganda ikaandama vifuko vya waragi mwaka 2019. Pilipili haikuguswa.

Jamii ya tatu ni ukali wa mamlaka. Mwalimu mukali, baba mukali, na mbwa. Kuhusu mbwa kuna ugomvi wa kisarufi. Mageti ya Nairobi yameandikwa "Mbwa Kali", na wasomi wa Dar es Salaam huumia wanapopita, kwa sababu mbwa ana uhai na anastahili kuwa mkali. Kiswahili cha Ituri, mjukuu wa Kingwana kilicholetwa na misafara ya Wangwana wa pwani karne ya 19, huwa hakina muda na viambishi vingi vya aina hiyo: kisu kali, macho kali, maneno kali, twende. Mtafiti anaona mageti yana hoja. Hakuna mwizi aliyeruka ukuta kwa kudharau upatanisho.

Tawi la jamii hii lina tabia ya ajabu, nalo ni hatua kali. Limechunguzwa katika redio za nchi nyingi, na katika karibu kila kielelezo limeonekana likiwa katika wakati ujao: hatua kali zitachukuliwa. Umbo la wakati uliopita ni adimu sana. Methali inasema maneno makali hayavunji mfupa, na pengine serikali zimeisoma.

Jamii ya nne inatishia nadharia nzima. Vijana wa Bunia na Mahagi, kama wenzao wa Dar es Salaam na Mombasa, humwita mwimbaji hodari mkali, mchezaji hodari mkali, na msichana aliyependeza mkali pia. Hapa anayeumia ni nani? Mtazamaji anafurahi, hana jeraha. Jibu limejificha kwa mshindani. Mwimbaji ni mkali kwa waimbaji wengine, mshambuliaji kwa kipa, na msichana kwa yule aliyemtumia salamu na hajajibiwa. Mashabiki ni mashahidi tu.

Mpinzani wa kweli wa kivumishi chetu katika mashariki ya Kongo ni neno nguvu. Kazi ngumu huambiwa "ni nguvu", hata barabara mbovu na maisha yenyewe. Lingala nayo inakuja na makasi yake, yenye nguvu na ugumu kwa pamoja. Hata hivyo pilipili imebaki kwa kali, na pilipili ndiyo ngome ya mwisho.

Tunawaomba watunzi wa kamusi, katika chapa ijayo, wafute zile namba na waandike mstari mmoja: -enye kumfanya aliyekutana nacho asisahau. Na msomaji yeyote wa Aru, Ariwara au Djugu aliyewahi kusikia kwa masikio yake mtu akisema "huruma kali" atuletee kielelezo hicho, pamoja na msemaji, akiwa hajalewa.