Nitakulipa Muhogo Ukikomaa

Kuna watu wana simu mbili mfukoni, saa mkononi na kalenda ya benki ukutani, lakini ukiwauliza lini watakulipa wanakutajia mmea. Jirani yangu ni mmoja wao. Siku ya kukopa alikuwa na haraka zake: leo hii, kabla ya magharibi. Hela ilipoingia mfukoni akageuka mkulima. "Kaka, muhogo ukikomaa tu, unakuja kuchukua chako."

Angesema mchicha, ningemwelewa. Mchicha wiki tatu nne umeng'olewa, umeliwa, tumemalizana. Angesema mahindi, ningevumilia miezi yake mitatu minne, maana mahindi yakishakauka usipoyavuna, panya watakuvunia. Muhogo haumwogopi mtu. Upo unaofaa kuliwa baada ya miezi tisa, lakini hata ukikomaa unaweza kuuacha palepale ardhini miezi mingine kadhaa na usiharibike. Ghala lake ni udongo ulimozaliwa. Kila nikipita, jirani anafukua kidogo kwa kidole gumba cha mguu, anachungulia, anatikisa kichwa: "Bado kidogo, kaka. Tuuache unenepe." Unanenepea hela yangu!

Nimewachunguza hawa watu, na kila mmoja anachagua mmea unaomfaa yeye. Fundi anayenidai uvumilivu wa mlango anasema mbao za mtiki haziendeshwi haraka. Mtiki huchukua miaka ishirini na zaidi mpaka ukatwe mbao. Nikaanza kuhisi kwamba wa kwangu bado uko kitaluni, unamwagiliwa. Mwenye nyumba yangu ndiye mchicha mtupu: hujakaa sawa, karudi kuvuna.

Shangazi yangu kule Pangani ndiye bingwa wao. Yeye miezi haimhusu. Hesabu zake zote anazisoma juu ya mnazi, na kwa kweli kutoka ua mpaka nazi kavu ni kama mwaka mzima. Binti wa jirani yake aliolewa vikiwa vidaka. Vilipofika kitale, shangazi akaanza kumtazama binti tumbo. Zilipokuwa madafu, akauliza kisimani, kwa sauti. Sasa ni koroma, na wale maharusi wamehamia Muheza. Shangazi anashangaa kwa nini hawakuaga.

Lakini hao wote wana afadhali. Aliyenipatia ni mama mkwe.

Nina kiwanja Chanika. Msingi ulimwagwa, kuta zikapanda mpaka kwenye linta, hela ikakata. Fundi mmoja alikuwa amekula papai akatema mbegu katikati ya sebule, na ile mbegu, tofauti na fundi, ikaanza kazi siku ileile. Mpapai hauna subira na mtu asiye na paa. Ndani ya mwaka unazaa. Wa kwangu ulipita usawa wa dirisha, ukapita linta, ukatoa kichwa nje pale ambapo bati lingekuwa. Siku hizi bodaboda wanaelekezana: "Shuka nyumba ya mpapai."

Mama mkwe hajawahi kuniuliza ujenzi umefika wapi. Ana heshima zake. Anaulizia mpapai tu. "Mkwe, umeshatoa maua?" Umeshatoa, mama. "Mkwe, mapapai yameiva?" Nikampelekea moja, akalila lote, akafuta mdomo kwa upande wa khanga: "Tamu. Sebule yako ina rutuba." Mke wangu alikuwa anacheka jikoni, nilimsikia.

Wiki iliyopita akataka kufika mwenyewe. Akauzunguka mpapai, akaupiga shina kwa kiganja. Mpapai ukishapita miaka mitatu minne huwa umechoka; matunda yanatoka madogo, na kuyafikia mpaka utafute mti wa kuangulia. Akautazama juu, akanitazama mimi.

"Mkwe, huu unakufa. Nimekuletea mche wa mnazi, tuupande kule chumbani."

Nami si mjinga wa minazi. Mfupi huanza kuzaa miaka mitatu minne. Mrefu, wa kienyeji, sita mpaka minane. Nikameza mate.

"Mfupi au mrefu, mama?"

"Mrefu, baba. Nakujua."